Vunjajungu Hakuvunja Chungu

Yuko mdudu aliyehukumiwa bila kesi yake kusikilizwa. Ni mrefu, wa kijani au wa rangi ya majani makavu, kichwa chake hugeuka huku na huku, na miguu ya mbele ameikunja kama mtu anayeomba dua. Jina lake ni vunjajungu, na waliompa jina hilo waliamini kwamba atakayemgusa atavunja chombo cha kwanza cha udongo atakachokishika baadaye. Vyungu vingi vimevunjika tangu imani hiyo ianze, na vyote vimeponyoka mikononi mwa watu. Mshtakiwa mwenyewe, siku zote hizo, alikuwa majanini akivizia nzi, panzi na viwavi. Hukumu ya vunjajungu ndiyo tunayowapa karibu wadudu wote, nasi tumeifupisha kwa maneno manne: mdudu ni mdudu tu. Kauli hiyo ina pacha wake. Anayepiga magoti na kamera mbele ya buibui huambiwa anapoteza muda na fedha, na kwamba nchi zenye tembo na simba hazina haja ya picha za sisimizi. Nazipinga kauli zote mbili kwa hoja moja. Kosa letu kwa wadudu ni kutowapambanua, na chuki imekuja baadaye. Na picha inayopigwa kwa karibu sana, ile ambayo wapiga picha huiita makro, ni shule ya kupambanua iliyo wazi kwa mtu yeyote. Kwa neno mdudu namaanisha anachomaanisha Mswahili wa kawaida: nzi na nyuki, na pia buibui, nge, tandu na jongoo, ingawa mwanabiolojia atawatenga kwa kuhesabu miguu.

Nianze na silaha kali ya upande wa pili, maana hoja inayomkwepa mbu haistahili kusikilizwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa malaria iliua watu 597,000 mwaka 2023, asilimia 95 kati yao wakiwa barani Afrika, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Mzazi aliyezika mtoto hadaiwi sifa yoyote kwa mbu. Hilo nalikubali bila masharti. Lakini tazama jinsi siri ya ugonjwa huo ilivyofichuliwa. Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza nchini India, alianza mwaka 1895 kupasua mbu akitafuta vimelea vya malaria ya binadamu tumboni mwao, na kwa muda mrefu hakupata kitu, kwa kuwa mbu aliokuwa akiwapasua hawakuhusika. Alifanikiwa Agosti 1897, mjini Secunderabad, alipopata mbu wa aina nyingine, wenye madoa kwenye mabawa. Leo tunajua aina zaidi ya 3,500 za mbu. Wanaomwambukiza binadamu malaria wote ni wa jenasi moja, anofelesi, na hata ndani ya jenasi hiyo wenye hatia kubwa ni makumi machache tu. Dume hanywi damu kabisa. Anofelesi akitua ukutani huinua mkia, mwili ukiwa umeinama kama msumari uliopigiliwa upande. Kuleksi, mbu wa jenasi nyingine, hukaa sambamba na ukuta. Viluwiluwi vya anofelesi hulala bapa chini ya uso wa maji, vya kuleksi huning'inia kichwa chini. Tofauti hizo si mapambo ya kitabu. Ndizo zinazoamua dimbwi lipi litiwe dawa na lipi liachwe. Mbu huua, naam. Na kwa sababu huua, atakayesema mbu ni mbu tu amemwachia muuaji ajifiche katikati ya umati.

Ukutani hapohapo kuna shahidi mwingine tunayemfagia kila asubuhi. Kandokando ya Ziwa Viktoria, upande wa Kenya na wa Uganda, huishi buibui mrukaji wa urefu wa nusu sentimita hivi, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2003: Evarcha culicivora, yaani mla mbu. Hafumi utando wa kunasia. Hutazama, hunyemelea, kisha huruka. Watafiti waliofanya kazi Mbita, kwenye kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoasisiwa na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo mwaka 1970, waligundua kwamba akipewa nafasi ya kuchagua, buibui huyu humchagua mbu jike aliyeshiba damu, na kwamba watoto wake humtambua anofelesi kwa namna anavyotua, mkia juu. Sisemi kwamba buibui huyu atamaliza malaria. Hakuna aliyethibitisha hilo. Nasema kwamba kiumbe mwenye ubongo mdogo kuliko punje ya mtama anafanya upambanuzi ambao sisi, wenye shule na maabara, tunauona haufai kufanywa sebuleni.

Huenda msomaji akajibu kwamba kutopambanua hakumgharimu kitu: aua wote, na yule mbaya atakuwemo. Kwa hoja hiyo namwita mdudu anayejulikana Afrika Mashariki kama nzi wa Nairobi. Kwanza, si nzi. Ni mbawakawa, wa jamaa ya wadudu wenye mabawa magumu, mwembamba, mwenye pingili nyekundu na nyeusi. Pili, hang'ati wala haumi kwa mwiba. Sumu yake, iitwayo pederini, imo ndani ya mwili, na humfikia mtu pale tu anapompondaponda kwenye ngozi. Malengelenge na michubuko inayofanana na kuungua, ambayo watu wengi waliiona wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, yalitokana na kile kibao cha haraka tunachompiga mdudu anayetambaa shingoni. Angepulizwa au kupanguswa kwa karatasi, angeondoka bila kuacha alama. Shambani, mdudu huyohuyo hula wadudu wanaoharibu mazao. Kwa hiyo uadui wetu naye umejengwa juu ya makosa matatu yaliyopangana: tumekosea jina lake, tumekosea silaha yake, tumekosea kazi yake. Kila kosa lingesahihishwa na picha moja iliyo wazi na maelezo ya mistari mitatu.

Sasa tuteremke hadi kwa sisimizi, mfano wa mwisho wa kitu kisicho na maana. Kwenye minazi na miembe ya Unguja na mwambao kuna chungu wekundu tunaowaita majimoto, wanaoshona majani kwa nyuzi zinazotoka vinywani mwa watoto wao wenyewe: mfanyakazi hushika buu kwa taya na kulipitisha huku na huku kama fundi anayerusha uzi kitandani mwa mfumi. Mkwezi huwalaani, na ana sababu. Lakini utafiti uliofanywa Zanzibar katika miaka ya 1950 ulionyesha kwamba penye majimoto wengi mnazi hupona dhidi ya mdudu mfyonzaji anayedunga matunda machanga. Penye majimoto wachache, vidaka hupukutika kabla ya kuwa vitale, na dafu halipatikani, seuze nazi. Adui mkubwa wa majimoto ni sisimizi mwingine, mdogo, wa rangi ya kahawia, ambaye askari wake wana kichwa kikubwa kupita kiasi. Anayetazama kwa macho matupu haoni tofauti kati yake na sisimizi yeyote wa jikoni. Anayetazama kwa lenzi huona kile kichwa mara moja, na akiwa mwenye shamba anajua nani anamfukuza mlinzi wake.

Sisimizi huyohuyo wa kichwa kikubwa amefika pia Laikipia, Kenya, na huko ameandika kisa ambacho kinapaswa kunyamazisha kabisa ile hoja ya tembo na simba. Miti ya migunga ya huko ililindwa na chungu wenyeji waliokaa kwenye vinundu vya miiba na kumvamia tembo puani alipokuja kula. Mvamizi akawaua walinzi hao. Tembo wakaanza kula na kuvunja miti bila kizuizi, vichaka vikapungua, na simba, ambaye humvizia punda milia akiwa amejificha nyuma ya vichaka, akakosa maficho. Utafiti ulioongozwa na Mkenya Douglas Kamaru, uliochapishwa katika jarida la Science Januari 2024, unaonyesha kwamba sehemu ya punda milia katika mawindo ya simba ilishuka kutoka asilimia 67 mwaka 2003 hadi 42 mwaka 2020, huku nyati, ambao hawakuwemo mwanzoni, wakifikia asilimia 42. Simba amebadilisha chakula kwa sababu ya sisimizi. Mtalii aliyelipia gari na hoteli ili apige picha ya simba ameipiga sura ya mwisho ya hadithi. Sura ya kwanza ilikuwa chini ya soli ya kiatu chake. Kusema kwamba nchi ya simba haihitaji picha za sisimizi ni sawa na kusema kwamba mwenye ghorofa hahitaji kujua habari za msingi.

Mkulima hahitaji kuambiwa haya kwa mafumbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidung'ata wa mihogo, mdudu mwenye vumbi jeupe kama unga, aliingia Congo kutoka Amerika ya Kusini akaenea bara zima akikausha mashamba ya chakula cha mamilioni ya watu. Ilipoamuliwa kumtafutia adui wake wa asili, watafiti walimpata kidung'ata kaskazini mwa Amerika ya Kusini, wakawachukua nyigu wanaomshambulia, na nyigu hao wakashindwa kuzaana juu ya yule wa Afrika. Ilibainika kuwa walikuwa wamempata ndugu anayefanana naye mno, aina nyingine kabisa. Mwaka 1981 kidung'ata halisi alipatikana Paraguay, na pamoja naye nyigu wa urefu wa milimita moja au mbili, Anagyrus lopezi, ambaye alizalishwa, akaachiwa katika nchi zaidi ya 20 za Afrika na kuirudisha mihogo. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Miaka ya mavuno, kwa maana hiyo, ilining'inia kwenye tofauti ndogo kati ya wadudu wawili weupe. Ndivyo ilivyo pia kwa kiwavijeshi vamizi, aliyeripotiwa Afrika mwaka 2016 na kufika kwetu mwaka uliofuata. Wa zamani tunayemjua huja kwa makundi makubwa, hula na kupita; huyu mgeni hujificha ndani ya majani machanga ya katikati ya mhindi, ambako dawa iliyopulizwa juu juu haimfikii. Alama zake ni mbili: mstari wa rangi hafifu usoni unaofanana na herufi Y iliyopinduliwa, na madoa manne yaliyopangwa kama pembe za mraba karibu na mkia. Madoa hayo huonekana vizuri kwenye picha ya karibu iliyopigwa kwa simu. Ndiyo maana mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Chuo Kikuu cha Penn State walileta programu ya simu waliyoipa jina la Kiswahili, Nuru, inayotazama uharibifu kwenye jani na kumsaidia mkulima kujua kama ni kiwavi huyo.

Hapa nafika kwenye kauli ya pili, ile ya kwamba picha ya mdudu ni mchezo. Anayesema hivyo hajafikiria picha hiyo inamdai nini mpigaji. Makro halisi ni ile ambayo kitu huangukia ndani ya kamera kwa ukubwa wake uleule: mdudu wa milimita 10 huchukua milimita 10 za kifaa kinachopokea mwanga. Kwa umbali huo, sehemu inayotoka kwa ukali mara nyingi haizidi unene wa kucha. Jicho likiwa safi, mabawa yamefifia. Ndiyo sababu wapo wanaopiga picha nyingi za mdudu mmoja, kila moja ikilenga sehemu yake, kisha wakaziunganisha; Mwingereza Levon Biss alitumia maelfu ya picha kwa kila mdudu wa maonyesho yake ya mwaka 2016 katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Oxford. Kwa mdudu aliye hai njia hiyo ni ngumu, na mpigaji analazimika kujifunza mambo ambayo kitabu hakimlazimishi: saa za alfajiri ambapo kereng'ende bado ana baridi na hajapata nguvu ya kuruka, mmea ambao kiwavi fulani hauachi, upande wa kuja ili kivuli kisimtangulie. Anayerudi na picha nzuri amerudi pia na habari za mahali, tarehe, saa na mwenendo. Mtu aliyemjua kiumbe kwa kiasi hicho hawezi tena kusema mdudu ni mdudu tu. Ulimi wake mwenyewe utamsuta.

Yapo mapingamizi ya haki dhidi ya picha hizi, na sitayapita kwa kunyata. La kwanza ni kwamba picha hudanganya kwa kukuza: buibui wa nusu sentimita akijaza ukurasa huwa jini, na woga huongezeka. Ni kweli, na dawa yake ni rahisi, picha iandikwe urefu halisi wa mdudu. La pili ni zito zaidi: picha hupendelea warembo. Buibui mrukaji, mwenye macho mawili makubwa ya mbele kama taa za gari, hupigwa mara elfu. Kupe na funza hawana mpenzi. Anayefundishwa kuthamini kwa kuvutiwa na sura ataacha kuthamini sura ikiisha. Nakubali, na ndiyo maana sijajenga hoja yangu juu ya uzuri. Nyigu wa mihogo hana uzuri wa kusimuliwa. Ana kazi, na kazi hiyo haingejulikana bila mtu kumtazama kwa makini. La tatu ni la maadili: wapo wapigaji wanaomtia mdudu kwenye friji ili apoe asikimbie, wanaomgandisha kwa gundi, au wanaompanga kama kibonzo kisha kudai ndivyo walivyomkuta. Hao wanasema uongo juu ya maumbile. Anayelaumu sanaa nzima kwa ajili yao, hata hivyo, anarudia kosa lilelile la kutopambanua, safari hii kwa wapiga picha.

Pingamizi la nne linatoka kwa wataalamu, nami naliheshimu kuliko yote: picha ina mpaka. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, wawili wanaobeba lawama kubwa ya malaria katika Afrika, hawatofautishwi kwa sura hata chini ya lenzi bora. Hutofautishwa maabara kwa kupima vinasaba vyao. Buibui wengi hutambuliwa kwa hadubini kwa kuchunguza viungo vya uzazi. Kwa hiyo picha haichukui nafasi ya mtaalamu. Lakini mtaalamu hawezi kupima asichopelekewa, na dunia ina aina milioni moja hivi za wadudu waliokwisha kupewa majina ya kisayansi, na buibui zaidi ya 50,000, huku wasiojulikana wakikadiriwa kuwa wengi kuliko wanaojulikana. Wataalamu wenyewe ni wachache mno kwa mzigo huo. Picha yenye mahali na tarehe ni hodi mlangoni mwa maabara. Inamwambia mtaalamu aje atazame hapa, kwa sababu kuna kitu ambacho mwenyeji hakukitambua.

Limebaki lile la fedha na ugeni: kwamba haya ni mambo ya Wazungu wenye lenzi za bei ya gari. Lenzi ndogo ya kubana kwenye simu haihitaji utajiri, na lenzi ya zamani ikigeuzwa mbele nyuma kwenye kamera hukuza vizuri kwa gharama ya kipete tu. Tajiri akishindwa kupambanua mdudu humwita bwana shamba na kununua dawa ya pili. Maskini hupoteza msimu, kwa hiyo maarifa haya yanamfaa yeye kuliko wote. Kuhusu ugeni, lugha yetu inakataa. Kiswahili kimetenga siafu na sisimizi, majimoto na mchwa, na mchwa aliyeota mabawa tukampa jina lake mwenyewe, kumbikumbi. Tumetenga nyuki, nyigu na dondora; panzi, nzige na senene. Sarufi yetu humpa mbu upatanisho uleule inaompa binadamu na tembo: huyu, yule, anakuja. Na Mwislamu wa mwambao anajua kwamba ndani ya Kurani zimo sura zilizopewa majina ya nyuki, chungu na buibui. Waliotutangulia waliona tofauti kwa macho matupu, wakazitunzia maneno. Anayesema mdudu ni mdudu tu ndiye mgeni, kwa maana anaitupa hazina aliyorithi ya majina na kubaki na neno moja tu.

Mara nyingi wanaotetea ufagio na dawa ya kupuliza hujifunika kwa methali: dudu liumalo usilipe kidole. Wanaisoma kama amri ya kuwaogopa wadudu wote, na hawaisikii silabi yake yenye uzito. Wahenga hawakusema dudu usilipe kidole. Walisema liumalo, na kirejeshi hicho kimegawa ulimwengu wa wadudu mafungu mawili, wanaouma na wasiouma, kisha kikamwachia msikilizaji kazi ya kujua nani yuko fungu lipi. Majimoto huuma na hulinda mnazi. Nzi wa Nairobi hang'ati, lakini akipondwa hubabua ngozi. Buibui wa ukutani anavizia mbu aliyetoka kumnyonya mtoto wako. Methali haitiiki bila kwanza kuinama na kutazama, na anayeinama na lenzi mkononi anaifuata kwa ukamilifu kuliko anayeinua kandambili. Tusipoifanya kazi hiyo, tutaendelea kuvunja vyungu wenyewe na kumtafuta vunjajungu tumshitaki.